Ukichemsha maji ya bomba, klorini inakwenda wapi?

Jumamosi moja, baada ya siku tatu za mgao, bomba la uani kwetu Tabata lilikohoa mara mbili, likatema upepo, kisha likaanza kumwaga maji meupe kama tui. Jirani yangu alitega ndoo, akayaangalia, akasonya.

"Leo wamemwaga dawa mpaka imekuwa maziwa! Haya mpaka yachemke sana, dawa yote itoke."

Nikakinga glasi moja, nikaiweka juu ya ukuta, tukaikodolea macho wote wawili. Weupe ukaanza kuondoka chini ya glasi, ukawa unapanda taratibu, na hazikupita dakika mbili maji yakawa meupe kwa ile maana nyingine ya neno, meupe ya kuona hadi upande wa pili.

Ile haikuwa dawa, ilikuwa hewa. Bomba likikaa tupu siku mbili tatu hujaa hewa, na maji yanaporudi kwa nguvu huibana hewa hiyo hadi sehemu yake ikayeyuka ndani yake. Yakifika kwenye koki mbano unaachia, hewa inatoka kwa vipovu vidogo visivyohesabika, navyo vinapanda juu. Ndiyo maana glasi husafika kuanzia chini. Klorini, kwa kiasi kinachotiwa kwenye maji ya kunywa, haina rangi ambayo jicho linaweza kuiona.

Ila harufu ya dawa kweli ilikuwepo, hapo jirani hakukosea. Na swali lake ni la haki kabisa: ukichemsha, dawa inatoka? Jibu fupi ni kwamba inatoka. Tatizo ni kwamba watu wengi huishia hapo, hawaulizi: ikishatoka, halafu?

Tuanze na dawa yenyewe. Klorini ikiwa peke yake ni gesi ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, nzito kuliko hewa, inayokaba koo. Msweden Carl Wilhelm Scheele aliitengeneza mwaka 1774, na Mwingereza Humphry Davy akaipa jina mwaka 1810 kutokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo. Mwaka 1915 Wajerumani waliifungulia kwenye mitungi huko Ypres, Ubelgiji, ili iwakabe askari wa upande wa pili. Mtu akisikia habari hiyo, halafu akaambiwa iko kwenye maji yake ya chai, lazima ashtuke.

Lakini kwenye glasi yako gesi hiyo karibu haipo. Klorini ikigusa maji inageuka papo hapo kuwa asidi iitwayo haipoklorasi, na sehemu ya asidi hiyo inageuka tena kuwa haipokloriti, ambayo ndiyo ile ile iliyomo kwenye jiki ya kufulia. Hizi mbili huishi pamoja kwenye maji, na uwiano wake hutegemea pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: kwenye pH ya 7.5 hivi ni nusu kwa nusu. Maji yakielekea kwenye uchachu asidi inazidi, yakielekea upande wa magadi haipokloriti inazidi. Iwe mtambo umetumia gesi ya mitungi, au wewe umetia WaterGuard kwenye ndoo, au umetumbukiza kidonge, mwisho wa safari ni hapo hapo.

Muuaji hasa ni asidi. Haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya ukuta wa bakteria na kuunguza mitambo yake ya ndani. Haipokloriti ina chaji, inasukumwa nje, na hufanya kazi kwa uvivu zaidi. Ndiyo maana unaambiwa usubiri dakika 30 baada ya kutia dawa. Vijidudu vinahitaji kukaa nayo.

Na kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita, na linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe na angalau miligramu 0.2. Miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu moja kwenye simtanki la lita 1,000, yaani mibano miwili mitatu ya chumvi kwa ncha za vidole. Sasa, wapo watu ambao ulimi wao huigundua klorini kuanzia miligramu 0.3. Kwa hiyo pua yako kuisikia dawa hakumaanishi dawa imezidi.

Wakati mwingine harufu kali husema kinyume chake. Klorini ikikutana na amonia, inayotoka kwenye uchafu, jasho na mkojo, huzaa kloramini, na baadhi ya kloramini hunuka vikali kuliko klorini yenyewe. Ile harufu ya bwawa la kuogelea ambayo watu huiita harufu ya usafi, mara nyingi ni harufu ya klorini ikipambana na walioingia bila kuoga. Samahani kwa wenye mpango wa kwenda kuogelea wikiendi hii.

Kutia klorini kwenye maji ya mji mzima si jambo la zamani sana. Mwaka 1897 mji wa Maidstone, Uingereza, ulipigwa na homa ya matumbo, mabomba yakasafishwa kwa klorini. Mwaka 1905 Lincoln ulipatwa na homa hiyo hiyo, Alexander Houston akaanza kuitia mfululizo. Mwaka 1908 daktari John Leal alianza kuitia kwenye maji ya Jersey City, Marekani, bila kumwomba mtu ruhusa, na suala hilo likaishia mahakamani. Malalamiko ya "mnatuwekea dawa kwenye maji" yana umri sawa na dawa yenyewe. Leal alishinda, na ndani ya miaka michache miji mingi ikamfuata.

Kazi ya klorini haiishii mtamboni. Maji ya Dar es Salaam mengi hutoka Mto Ruvu, husafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kisha husafiri makumi ya kilomita kabla ya kukufikia. Njiani kuna maungio yanayovuja, na kuna mabomba yaliyopita kwenye mtaro. Maji yakikatika, msukumo ndani ya bomba unaisha, na pale penye ufa bomba linaanza kunyonya kilicho nje. Kinachosubiri uchafu huo ni mabaki ya klorini, kile kiasi kidogo kilichoachwa makusudi baada ya kuua vijidudu vya mtoni. Kikikutana na uchafu mwingi kinaisha. Kwa hiyo baada ya mgao mrefu, maji ya kuogopa zaidi ni yale yasiyo na harufu yoyote.

Sasa tuweke sufuria jikoni.

Maji yakianza kupata moto, kabla hayajafikia hata kuunguza kidole, utaona vipovu vidogo vimejishika chini na pembeni mwa sufuria. Wengi huvionyesha: "Unaona? Dawa hiyo inatoka." Si dawa. Ni hewa ya kawaida iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji, kwa sababu maji ya moto hayawezi kubeba hewa nyingi kama ya baridi. Klorini inatoka kimya kimya, na inatoka kwa njia zaidi ya moja.

Ile asidi hupaa pamoja na mvuke, pole pole. Haipokloriti haipai kabisa. Lakini kadiri asidi inavyopungua, haipokloriti hugeuka kuwa asidi ili kurudisha uwiano, nayo inapaa kwa zamu yake. Wakati huo huo joto linaharakisha mambo mengine: klorini inajibana na mabaki ya majani na udongo yaliyomo majini, inashambulia metali ya sufuria, na nyingine inavunjika yenyewe. Ikiisha kufanya kazi hiyo huwa imekuwa kloridi, ambayo ni nusu ya chumvi yako ya mezani. Kwa hiyo si kweli kwamba klorini yote "inapaa hewani". Sehemu yake inabaki kwenye sufuria, ila imeshakuwa kitu kingine kisicho na meno, na kwa kiasi ambacho ulimi hauwezi kukijua.

Niliwahi kuazima kipimo cha wasafisha mabwawa ya kuogelea, chenye vidonge vya DPD vinavyogeuza maji kuwa ya waridi yakiwa na klorini. Maji ya koki yalikuwa ya waridi iliyokolea. Yalipoanza tu kutokota, waridi ilikuwa hafifu, ya kulazimisha. Baada ya dakika kumi za kuchemka bila mfuniko, hakuna rangi. Glasi niliyoiacha mezani usiku kucha ilikuwa bado na waridi kidogo asubuhi. Glasi iliyoanikwa juani kuanzia saa nne hadi saa nane haikuwa na kitu, kwa sababu mionzi ya jua huivunja klorini upesi. Hayo ni ya jikoni kwangu. Maji yako na sufuria yako vitatoa majibu yanayotofautiana kidogo.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Kuua vijidudu kwa moto hakuhitaji muda mrefu: maji yakitokota kweli kweli kwa dakika moja inatosha, na kwa walio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu. Nairobi, iliyo kwenye mita kama 1,800, maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na bado vijidudu vya kuharisha havisalimiki. Kuondoa klorini hadi iishe ndiko kunakohitaji dakika kumi hadi ishirini. Anayechemsha muda wote huo akidhani anaongeza usalama, anachoongeza ni bei ya mkaa.

Na mkaa una hesabu yake. Kupeleka dumu la lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli zipatazo 6,300. Kilo ya mkaa ina kama kilojuli 29,000, lakini jiko letu la kawaida hufikisha kwenye sufuria robo yake au pungufu; iliyobaki inapasha hewa ya uani. Kwa hiyo dumu moja linakula karibu kilo nzima kufika tu kwenye kutokota. Ongeza robo saa juu yake na unaona pesa ikipaa na mvuke.

Turudi kwenye "halafu?"

Bibi yangu wa Tanga alikuwa hanywi maji yasiyochemshwa, na mjukuu aliyefika likizo alisomewa sheria hiyo mlangoni. Yalichemshwa jioni, yakapoa usiku, yakamiminwa kwenye mtungi uliofunikwa kwa sahani, na juu ya sahani kukakaa kata. Kila aliyeona kiu alikuja, akafunua, akachovya. Wajukuu tisa, kuku wanapita, mikono imetoka kwenye maembe na mchanga. Matumbo yalituuma kila likizo, na lawama zikaenda kwa maembe.

Maji yale yalipotoka jikoni yalikuwa salama kabisa. Lakini hayakuwa na mlinzi. Moto unaua vilivyomo saa ile, hauachi chochote cha kukabiliana na kidole kitakachoingia kesho. Maji ya bomba yenye mabaki ya klorini yangeweza kuhimili kata chafu moja au mbili. Ya bibi yalikuwa matulivu, tena yamefunikwa, na bakteria waliotoka mkononi mwa mtoto walikuwa na usiku mzima wa kuzaana.

Kwa hiyo ukichemsha, shughuli inahamia kwenye chombo. Yapoze kwenye sufuria ile ile ikiwa imefunikwa, yamimine kwenye dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki, na atakayekunywa afungulie koki, asichovye. Ya leo yaishe leo au kesho. Mtungi hauna ubaya, unapoza maji kuliko ndoo yoyote ya plastiki. Ubaya ni mdomo wake mpana na kata yake.

Hii ndiyo sababu wanaopambana na kipindupindu hukimbilia klorini, si kuni. Goma, mwaka 1994, karibu wakimbizi 50,000 kutoka Rwanda walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ungechemshia vipi maji umati ule, juu ya mawe ya volkano, bila kuni? Hata leo kipindupindu kinapozuka huko, utawakuta wahudumu ukingoni mwa Ziwa Kivu wakiwa na bomba la sindano lisilo na ncha, wakitia kipimo cha klorini kwenye kila bidoni inayochotwa. Magharibi mwa Kenya mchumi Michael Kremer, aliyepata Nobel mwaka 2019, na wenzake walijaribu kuweka vifaa vya kutoa klorini palepale kisimani: unatega dumu, unazungusha koki, kipimo kimoja kinaingia, unachota maji juu yake. Mwendo wa kurudi nyumbani na dumu kichwani ndio muda wa kusubiri, na maji yanachanganyika njiani bila mtu kuyakoroga. Nimeupenda sana ubunifu huo kwa sababu haumwongezei mama kazi hata moja.

Wenye imani ya moto nao wana hoja. Kuna kijidudu kiitwacho Kriptosporidiamu ambacho hujifunika gamba gumu, na klorini ya kwenye maji ya kunywa haikifanyi kitu. Mwaka 1993 kilipenya mtambo wa maji wa Milwaukee, Marekani, maji yakiwa na klorini kama kawaida, na watu wanaokadiriwa 403,000 wakaumwa. Kwenye sufuria inayotokota hakifui dafu. Vilevile maji ya tope: klorini humalizia nguvu zake kwenye udongo na majani kabla haijavifikia vijidudu. Maji ya namna hiyo yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa au uchemshe. Kwa mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ambaye kinga yake iko chini, mimi ningechemsha hata kama bomba linanuka dawa.

Kuna hofu nyingine, ile ya saratani, na haitoki hewani. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook wa Rotterdam alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani yaliyooza kwenye maji ya mto huzaa kemikali za jamii ya klorofomu. Kunywa nyingi kwa miaka mingi si jambo la kulichekea, na ndiyo sababu zimewekewa ukomo; kwa klorofomu Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 0.3 kwa lita. Lakini klorofomu huchemka kwenye nyuzi 61, kwa hiyo sufuria iliyo wazi huifukuza kwa kiasi kikubwa. Dirisha liwe wazi pia, maana inayotoka kwenye sufuria inaingia jikoni. Shirika hilo hilo linasisitiza kwamba hofu hii isimfanye mtu aache kutibu maji. Kipindupindu kinaua kwa saa, hakingoji miaka.

Kisha kuna yale ambayo klorini haikuyaleta na moto hauyaondoi. Magamba meupe ndani ya birika, hasa Zanzibar na sehemu nyingine ambako maji yanapita kwenye mawe ya matumbawe, ni chokaa. Ilikuwa imeyeyuka majini, na joto limeigandisha. Watu huyakwangua wakisema "ona dawa wanayotunywesha," na ukiwatilia siki kidogo magamba yanatoa povu na kuyeyuka. Chumvi ya maji ya kisima nayo haipai. Maji yanapungua, chumvi inabaki, kwa hiyo unazidi kuikoleza.

Hapo watu wa Arusha na Meru wanisikilize zaidi. Floridi, inayotia meno rangi ya kahawia na ikizidi kuumiza mifupa, hufanya hivyo hivyo. Chukua lita tano zenye miligramu 2 za floridi kwa lita, chemsha hadi zibaki lita nne: sasa una miligramu 2.5 kwa lita, wakati ukomo wa kimataifa ni 1.5. Mzazi anayemchemshia mtoto kwa nusu saa kwa nia njema anamwongezea kile kile anachokikimbia. Huko kuchemsha kuwe kwa dakika moja, na floridi itafutiwe chujio lake.

Ndugu walioko London, au Washington, huniambia wao wanachemsha na ladha ya dawa haiishi. Miji hiyo, na mingine mingi ya Marekani, hutumia kloramini badala ya klorini peke yake, kwa sababu hudumu zaidi kwenye mabomba marefu. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayoifanya igome kutoka kwenye birika. Chujio la makaa huifaa kuliko moto.

Na kama shida yako ni ladha tu, si ugonjwa, usiwashe jiko. Maji yaliyokwisha kutibiwa yaweke kwenye jagi lililofunikwa ndani ya friji, ladha itapungua. Au tumia ndimu. Vitamini C huimaliza klorini papo hapo: kwa lita yenye nusu miligramu, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kinatosha na kubaki. Chai ya rangi nayo hufanya kazi hiyo bila kuombwa, ndiyo maana hakuna anayelalamikia dawa kwenye chai. Ila ndimu ikamuliwe kwenye glasi, wakati wa kunywa. Jirani yangu, nilipomweleza, kesho yake alikamua mbili kwenye ndoo nzima asubuhi na mapema, akaiacha wazi uani hadi jioni.